Mashuka Yasiyolaliwa

Bi Fumua aligundua saa nne asubuhi, wembe mkononi, furaha imemjaa mpaka kooni. Mtu mwenye furaha ya kiasi kile kwa kawaida hachunguzi kitu. Angeweza kuuchukua mkasi, akalikata shuka lile, akashona mkanda wa gauni la mwisho na siku ikaenda kama ilivyopangwa. Lakini alikuwa na tabia yake ya kufumua upindo kwanza, na tabia ile ndiyo iliyomponza.

Jina hilo la Bi Fumua alipewa na mafundi wake wanane, siku za mwanzo, walipomwona mwenye karakana mzima, msomi, aliyeacha kazi ya mezani kwenye kiwanda cha sare, anakaa chini kutwa nzima akifumua mashuka makuukuu ya watu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Shuka lililochoka la nyumba ya wageni, ambalo lingetupwa, yeye alilichukua, akalifumua, akalichemsha kwenye maganda ya vitunguu au majani ya chai mpaka likashika rangi, kisha akaligeuza gauni. Ndani ya kila gauni alishona lebo ndogo yenye maneno yaleyale: Kitambaa hiki kilikuwa shuka. Hakuna pamba mpya iliyolimwa kwa ajili ya gauni hili.

Miaka mitatu watu walimcheka. Mwaka wa nne akatokea mnunuzi mwenye maduka kumi na moja, akashika gauni moja, akasoma lebo, akaagiza mia mbili. Leo saa nane alikuwa anakuja kuyaona, na kama yangempendeza angetia saini mkataba wa miaka mitatu. Mafundi walikuwa wameshaanza kuuishi mkataba huo vichwani mwao. Mmoja alikuwa ameshahama nyumba kabisa, yuko kwenye nyumba yenye bafu la ndani, ingawa kwa miguu bado alikuwa kwenye ileile ya zamani.

Na kulikuwa na jambo la pili. Mama yake Bi Fumua alikuwa amesema wazi kwamba wazee wa dobi aliyetaka kumwoa watapokelewa kuleta posa siku atakapoona kwa macho yake kwamba kazi hii ya kufumua ina saini ya mtu. Kwa hiyo saini moja ndiyo ingempa kazi na mume kwa mpigo. Haikuwa siku ya kuchezea.

Sasa, upindo wa shuka kuukuu ukiufumua unakuta mambo mawili. Kitambaa kilichokunjwa ndani bado kina weupe wake wa dukani, kwa sababu jua halikukifikia. Na kwenye mkunjo kuna nyuzi laini zilizojikusanya kwa miaka, kama zile pamba za kitovuni. Bi Fumua alikuwa amefumua mapindo yasiyo na idadi na hakuwahi kuukosa uchafu ule. Tangu oda ianze, kufumua aliwaachia mafundi, na leo aliposhika wembe mwenyewe aliukosa. Ndani ya upindo kitambaa kilikuwa kimechakaa sawasawa na nje, na mkunjo ulikuwa safi kabisa.

Alikaa akifikiri. Kitambaa hakiwezi kuchakaa ndani ya upindo, ila kama kimechakazwa kwanza, upindo ukaja baadaye. Na ni nani duniani anayepinda shuka likiwa limeshachakaa?

Akafumua jingine. Akafumua la tatu, la nne, mpaka la saba. Yote yalikuwa hivyohivyo. Aliyekuwa akimletea mashuka alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akilala na kuamka akimuwaza.

Akampigia simu dobi, akamwambia aje sasa hivi, apande ngazi za nyuma, asipite kwa mafundi.

Dobi alikuwa na uwanja wake wa kufulia mtaa wa pili kutoka pale. Walijuana miaka miwili nyuma, alipokuja na mzigo wa kwanza begani akasema, bila hata kutabasamu, kwamba mashuka haya yamefukuzwa kazi kwa sababu ya uzee, na amesikia hapa hawabagui wazee. Bi Fumua alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo kila mzigo ulikuja na maneno yake, na baadaye maneno yakawa yanakuja hata bila mzigo.

Leo aliingia kwenye chumba cha rangi kwa tabasamu, shati limepigwa pasi kwa ajili ya mgeni. Masufuria makubwa yalikuwa yamepoa, chumba kinanuka maganda ya vitunguu. Bi Fumua alimnyooshea shuka.

"Hili ni la wapi?"

Dobi aliliangalia shuka, kisha ule upindo uliofumuliwa. Tabasamu likamtoka taratibu.

"La dukani," alisema.

Tangu apige simu, Bi Fumua alikuwa akiomba kwamba mtu huyu akane. Angekana tu, hata kwa uongo wa kitoto, angempa nafasi ya kumwamini kwa saa moja zaidi. Alikiri haraka mno. Bi Fumua akaegemea sufuria.

Dobi alieleza yote akiwa amesimama, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Nyumba za wageni zilikuwa zimeacha pamba. Zilinunua mashuka yale ya nailoni yanayong'aa, yasiyotaka pasi, na yale ya pamba yaliyobaki yalikwisha kwa mwezi mmoja. Habari hiyo aliipata wiki ileile oda ilipokuja, siku ileile Bi Fumua alipokwenda mbio uwanjani kwake, akamrukia shingoni mbele ya wateja, akamlilia kifuani kwa furaha. Alifungua mdomo amwambie, ukakataa. Akasema moyoni, mzigo mmoja tu, nikitafuta kwingine. Kwingine hakukuwepo. Mzigo wa kwanza ukazaa wa pili. Ile mashine kubwa ya kufulia, ambayo alisema iko kwa fundi, alikuwa ameiuza, akanunua pamba nyeupe jora kwa jora. Aliichemsha, akaitia dawa ya kung'arisha, akaipiga kwenye jiwe, akaianika juani siku baada ya siku mpaka ikalegea kama ya miaka kumi. Kisha akaikata na kuipinda.

Bi Fumua aliitazama mikono ya dobi. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye viungo vyote vya vidole. Wiki mbili zilizopita yeye mwenyewe alikuwa amempaka mafuta kwenye mikono hiyo, akimgombeza kwamba abadilishe sabuni.

"Unajua nilichowaandikia watu ndani ya magauni?"

"Najua. Lebo yako nimeisoma mara nyingi kuliko wewe."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Kwa nini hukuniambia? Ningemwambia yule mnunuzi tupunguze. Ningemwambia asubiri. Ningefanya lolote."

"Ulikuwa unalia kwa furaha, Fumua. Tangu nikujue sikuwahi kukuona hivyo. Nilishindwa kuwa mtu wa kuifuta."

"Kwa hiyo ulinihurumia."

"Nilikupenda."

"Usiyachanganye hayo mawili." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nimeacha kila kitu kwa ajili ya kitu kimoja tu, kwamba nisimdanganye mtu. Umekichukua hicho."

Dobi aliinamisha kichwa. Kisha akasema neno la kijinga, kama wanavyosema wanaume wakishikwa. Alisema kosa lake lilikuwa upindo, angepinda kwanza ndipo afue, asingegundua maisha yake yote.

"Ndicho unachojutia?"

"Sijui ninachojutia. Ukiniangalia hivyo najutia kila kitu."

Kisha akaongeza kwa upole kabisa, bila lawama, kwamba hata hivyo yeye Bi Fumua hakuwahi kuuliza. Miezi yote hiyo, hata mara moja. Bi Fumua aligeuka upande wa dirisha akajifanya hakusikia.

Aliwaza yale magauni. Zaidi ya nusu yalitoka kwenye mizigo hiyo, lakini nusu ipi? Mapindo yalishafumuliwa na mafundi na kukatwa, vipande vikachanganywa, rangi ikapita juu ya vyote. Kipande cha shuka la kweli kilikuwa kimeshonwa bega kwa bega na kipande cha jora. Hata mwenyewe asingeweza kuvitenganisha. Zilikuwa zimebaki saa tatu.

Hapo ndipo sauti ya mama yake iliposikika ukumbini, akisalimia mafundi mmoja mmoja. Mama huyu alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye sauti yake haikustaafu naye. Alikuja mapema kwa makusudi, amevaa vizuri, kuja kuona saini. Akausukuma mlango wa chumba cha rangi, akamwangalia binti yake, akamwangalia dobi, akaliona shuka sakafuni. Wanawe alikuwa amewalea peke yake na uso wa mtoto aliyevunjika aliujua. Alifunga mlango nyuma yake akataka aambiwe.

Aliambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake, na alipozungumza alizungumza taratibu.

"Uliacha kiti cha kuzunguka na kiyoyozi ukaenda kufumua mashuka ya wageni. Nikanyamaza. Ukaniletea mfuaji wa mashuka hayohayo, ukasema huyu ndiye. Nikameza. Leo mwanangu ndio unaniambia hata mashuka yenyewe hayakuwa mashuka."

"Mama, kosa ni langu peke yangu," dobi alisema.

"Wewe sijafika kwako, baba. Kaa hapo." Akamrudia binti yake. "Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

"Mapindo mmeshayakata?"

"Tumeyakata."

"Basi hakuna kilichotokea. Saa nane unatia saini, unashukuru, unamsindikiza mgeni. Kesho unaachana na huyu, kimyakimya, kila mtu na njia yake."

Nisimpambe Bi Fumua kwa sifa: aliwaza. Aliwaza kwa dakika nzima, akiwa amefumba macho, na katika dakika hiyo aliona kabisa jinsi ilivyo rahisi. Wale wanane nje ya mlango wangepata kazi. Mama yake angelala usingizi. Hata dobi angesalimika. Alitamani kuwa mtu anayeweza.

Dobi ndiye aliyejibu. Alisema kwenye mkataba kuna mahali ambapo Bi Fumua anaapa kwa maandishi kuhusu kitambaa, na siku yoyote watu wakigundua, hatapoteza kazi tu, atashtakiwa. Mama akauliza yeye amejuaje hayo. Dobi akasema alisoma mkataba wote, mara tatu, kwa sababu alikuwa anauogopa.

Mgeni alifika robo saa kabla ya wakati, hawajaafikiana lolote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mafundi walisimama kando ya vyerehani vyao, nguo safi, nyuso zimepakwa mafuta. Alipita kwenye mstari wa magauni akiyagusa moja moja, akisifu mishono. Fundi mmoja aliyeitwa Ovaloki, kwa sababu mdomo wake ulikimbia sawa na mashine yake ya kufungia kingo za nguo, alimweleza hadithi ya kila rangi bila kuulizwa. Mgeni alicheka. Akavaa miwani, akageuza gauni moja, akasoma lebo kwa sauti.

Bi Fumua alikuwa amefungua mdomo. Hajui hata leo alitaka kusema nini.

"Mama, samahani," dobi alimwambia mgeni kutoka mlangoni. "Hayo si mashuka ya zamani. Mengi yake si ya zamani. Ni kitambaa kipya nilichokizeesha mimi kwa mikono yangu. Mimi ndiye ninayemletea, na nilimdanganya. Yeye amejua leo asubuhi."

Dobi alieleza kila kitu pale katikati ya ukumbi, mbele ya wanawake wanane waliokuwa wakimwita shemeji, na kila neno lilimwongezea aibu. Bi Fumua alimtazama akahisi mambo mawili kwa pamoja, hasira kali na upendo mkali, na hakujua lipi litamfikia kwanza.

Mgeni alikaa. Aliushika mkoba wake wenye mkataba mapajani kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na pengine hilo ndilo lililozidi kuumiza. Alisema magauni mia mbili hawezi kuyachukua, hilo liko wazi. Lakini mkono wa karakana hii anautaka, na mkataba unaweza kusimama kwa oda mpya, mashuka makuukuu ya kweli atakayosaidia kuyatafuta. Ila kwa sharti. Wateja wake huchimba. Siku moja habari hii itatoka, na itakapotoka lazima iwepo barua, yenye saini, kwamba mwenye karakana alidanganywa na mleta mashuka, na kwamba ameachana naye moja kwa moja.

"Na nikisema kuachana, dada, sina maana ya biashara peke yake," aliongeza, macho yamemwangalia dobi kisha Bi Fumua. Alikuwa ameshaelewa. "Wakisikia umeolewa naye, nani ataamini kwamba hukujua?"

"Iandikwe," dobi alisema papo hapo. "Nitatia saini yangu kwanza."

Alikubali haraka sana, kama mtu aliyekuwa akingoja kwa muda mrefu kuambiwa adhabu yake. Mgeni alitoa karatasi, akaandika mistari mitano. Dobi akatia saini, akamwekea Bi Fumua kalamu mezani, wala hakumpa mkononi. Kisha akatoka kwa ngazi za mbele. Mama alishusha pumzi.

"Limebaki swali moja tu, ni la utaratibu," mgeni alisema. "Niambie mwenyewe, kwa kinywa chako. Ulijua?"

Neno lilikuwa moja. Sikujua. Mafundi wanane walikuwa wanalisubiri, na mama yake alikuwa ameshaanza kulitamka kwa midomo.

Lakini Bi Fumua alikumbuka siku moja, miezi miwili iliyopita. Shuka lililolaliwa miaka huwa jembamba katikati, pale miili inapolala, na kingo zake hubaki nzito. Ndiyo maana wakataji wake walikuwa wakikwepa katikati kila mara, wakilalamika. Siku ile walikuwa wameacha kulalamika. Mashuka yalikuwa na unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amelishika moja, vidole vyake vikasimama katikati, vikarudi, vikasimama tena. Ovaloki akatania, akauliza wageni wa siku hizi wanalala sakafuni au vipi, mbona mashuka hayachoki? Ukumbi mzima ulicheka. Yeye alicheka kuliko wote, akabadilisha mazungumzo, akasema jamani tuharakishe, mia mbili si mchezo.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Niliona unene. Miezi miwili iliyopita. Nilishika shuka nikajua lina kasoro, nikanyamaza kwa sababu nilihitaji mashuka. Yeye alinidanganya, ndiyo. Na mimi nilikubali kudanganywa, maana ilinifaa. Siwezi kuandika kwamba sikujua."

"Mwanangu," mama alisema.

"Siwezi, Mama."

Mgeni alivua miwani. Alimwambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba anamshukuru kwa ukweli wake, lakini maneno hayo hawezi kuyapeleka kwa wenzake. Aliikunja barua yenye saini moja, akairudisha kwenye mkoba pamoja na mkataba. Alipofika mlangoni aligusa gauni la mwisho kwenye mstari, lile lisilo na mkanda, akaenda zake.

Ovaloki ndiye wa kwanza kufunika mashine yake. Alichukua mkoba wake, akafika kwa Bi Fumua, akasimama.

"Mimi ndiye niliyesema siku ile, dada. Na mimi nilicheka." Akaitazama mashine yake. "Kesho nije?"

"Sijui."

Walitoka mmoja mmoja, wakisema kwaheri kwa adabu, jambo lililomuumiza Bi Fumua kuliko kama wangemtukana. Alibaki na mama yake na magauni mia mbili.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema," mama alisema. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka. "Uongo mdogo, na wenyewe ungekaribia kuwa kweli."

"Wa kwake nao ulianza mdogo, Mama."

"Basi sikiliza langu. Wazee wake wasije kwangu. Aliyekuzamisha siwezi kumkaribisha kiti, maadamu niko hai." Akajifunga mtandio, akaokota mkoba. Mlangoni aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mama mzazi, si wa mwalimu. "Sikutaka iwe hivi. Ninakuapia."

Jua lilikuwa bado kali Bi Fumua alipofika uwanja wa dobi. Nguo za watu zilikuwa zimejaa kwenye kamba. Dobi alikuwa kwenye birika la saruji, amekunja suruali magotini, anafua kwa mikono. Alimsikia, hakugeuka.

"Amesaini?"

"Hapana."

Mikono ilisimama majini. Bi Fumua alimsimulia yote, na alipofika kwenye ule unene wa katikati, dobi alikaa kwenye ukingo wa birika akashika kichwa.

"Nilisimama mbele ya watu wote wale nikajiaibisha ili wewe usiaibike. Nilikuachia mlango mmoja, Fumua. Mmoja. Ukaenda ukaufunga kwa mkono wako."

"Nilikuwa nimejua."

"Ulihisi tu. Kuhisi si kujua."

"Nilihisi nikacheka. Nisingecheka kama sikujua."

Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga. Hakufanya lolote. Alimwambia kwamba mama amesema wazee wasije, na dobi akasema mama ana haki. Bi Fumua akasema anajua mama ana haki, hakumuuliza habari ya haki, anamuuliza yeye: wazee watakwenda au hawatakwenda?

"Waende wakaseme nini? Mashine sina. Mashuka hayapo tena mji mzima. Na jina langu nimelitupa leo mwenyewe." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kila asubuhi ukiniona utaona magauni mia mbili."

"Huenda," Bi Fumua alisema.

Alitegemea atabishiwa. Hakubishiwa.

Dobi alisimama, akavuta shuka kubwa kutoka majini, la mteja, zito kwa maji. Alijaribu kulikamua peke yake likawa linaburuzika chini. Bi Fumua alivua viatu, akaingia kwenye maji yaliyotuama kandokando ya birika, akashika ncha ya pili. Wakaanza kusokota, huyu huku, yule kule. Maji yalimwagika miguuni mwao. Shuka likisokotwa hupungua urefu, na kila mzunguko uliwavuta hatua moja karibu, mpaka wakawa wanasikiana pumzi, ngumi kwa ngumi, na hakukuwa na pa kusokota tena.

"Niulize kama najuta," Bi Fumua alisema.

Dobi hakuuliza. Aliogopa jibu, na aliogopa kwa haki, kwa sababu angemuuliza wakati ule Bi Fumua angesema ndiyo, najuta, najuta kufa, na bado asingeachia ncha yake ya shuka.